Vichwa vya safu vinapokatika: mwongozo kamili wa kuvifanya visomeke kwenye lahajedwali

Katibu wa kikundi cha VICOBA anapohamisha daftari kwenda Excel, huandika vichwa vya safu kama vilivyokuwa kwenye karatasi: Kiasi cha Mkopo Alichochukua, Kiasi cha Mkopo Alichorejesha, Kiasi cha Mkopo Kilichobaki. Kwenye daftari havikuwa na tatizo, kwa sababu mwenye kalamu aliyakunja maneno ndani ya kisanduku. Excel haikunji mpaka iambiwe. Safu zikishajaa, vichwa hivyo vitatu vinaonekana hivi: "Kiasi ch", "Kiasi ch", "Kiasi ch". Sasa mwekahazina anapewa kompyuta aingize marejesho ya wiki, na safu ya marejesho imebanwa kati ya safu ya mkopo na safu ya deni. Akikosea safu moja tu, mwanachama aliyelipa anabaki anadaiwa, na kosa linaweza kukaa kimya mpaka siku ya kugawana, watu wameshakaa wanasubiri fedha zao.

Nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu hiyo. Tarakimu peke yake haisemi kitu. Kichwa cha safu ndicho kinachosema ni tarakimu ya nini.

Mwongozo huu unalifuata daftari hilo kutoka maneno ya vichwa hadi karatasi inayotoka kwenye printa. Nimeanza na Excel, kisha nikaonyesha njia ya Google Sheets na LibreOffice Calc pale zinapotofautiana. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kompyuta zetu nyingi, kwa Kiingereza. Humu safu ni ile inayoshuka kutoka juu kwenda chini, na mstari ni ule unaolala.

Kinachokata maneno

Safu mpya ya Excel huwa na upana wa 8.43, yaani takribani herufi nane za ukubwa wa kawaida, sawa na pikseli 64. Google Sheets huanza na pikseli 100. Maneno yakizidi upana huo, programu huangalia seli ya jirani upande wa kulia. Ikiwa tupu, maneno yanamwagikia humo na unayasoma yote. Ikiwa na kitu, yanakatwa mpakani. Sasa mstari wa vichwa hauna seli tupu katikati, kila kichwa kina jirani, kwa hiyo vyote vinakatwa isipokuwa kile cha mwisho kulia.

Namba zina tabia tofauti. Namba isiyotosha kwenye safu mara nyingi hugeuka kuwa #####, na mtu anashtuka palepale. Maneno yaliyokatwa hayatoi onyo lolote kwenye Excel, na hapo ndipo hatari ilipo. LibreOffice Calc inasaidia zaidi katika hili: huweka pembetatu ndogo nyekundu ukingoni mwa seli yenye maandishi yaliyofichika. Kama huioni, nenda Tools, Options, LibreOffice Calc, View, kisha weka tiki kwenye "Text overflow".

Ukiwa na haraka, au faili si lako, bofya seli ya kichwa na usome kwenye upau wa fomula ulio juu. Kichwa kikiwa kirefu sana, bonyeza Ctrl+Shift+U na upau utapanuka. Kwenye simu, gusa seli hiyo na maneno yake yatatokea kwenye sehemu ya kuandikia. Hiyo inakuvusha kwa leo. Faili linalotumika kila wiki linahitaji zaidi ya hapo.

Anza na maneno, upana baadaye

Wengi hukimbilia kuvuta mpaka wa safu. Hebu vitazame tena vichwa vyetu vitatu. "Kiasi cha Mkopo " ni herufi 16 ukihesabu na nafasi, na zote 16 zinafanana katika safu zote tatu. Hata ukiongeza upana mara mbili, utakachopata ni safu tatu pana zinazosema "Kiasi cha Mkopo", na bado hujui ipi ni ipi.

Ndivyo tunavyozungumza. Tunaanza na neno la jumla, tunamalizia na linalotofautisha: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kujiunga, tarehe ya mwisho ya kulipa, jumla ya hisa, jumla ya faini, idadi ya wajumbe, idadi ya mikutano. Programu nayo hukata mwishoni, palepale penye neno lenye kazi. Ushauri wangu mkubwa katika mwongozo mzima ni huu: neno linalotofautisha lije mbele, na neno la jumla liondoke kabisa ikiwa data yenyewe inalisema. Safu iliyojaa 14/03/2025 haihitaji kuambiwa ni "tarehe". Safu iliyojaa namba zinazoanza na 07 haihitaji "namba ya".

Daftari letu likipita kwenye kanuni hiyo linakuwa hivi:

- Jina la Mwanachama: Mwanachama
- Namba ya Simu: Simu
- Tarehe ya Kujiunga: Alijiunga
- Jumla ya Hisa Alizonunua: Hisa
- Jumla ya Michango ya Mfuko wa Jamii: Jamii
- Kiasi cha Mkopo Alichochukua: Mkopo
- Kiasi cha Mkopo Alichorejesha: Marejesho
- Kiasi cha Mkopo Kilichobaki: Deni
- Tarehe ya Mwisho ya Kurejesha: Mwisho kulipa

Kazi hii inakulazimisha kuamua kila safu inabeba nini hasa. Chukua "Deni". Je, riba imo au haimo? Kile kichwa kirefu cha mwanzo hakikusema, na huenda katibu na mwekahazina kila mmoja alikuwa na jibu lake. Kama riba imo, andika "Deni na riba". Kama riba ina safu yake, "Deni" peke yake inatosha, mradi iandikwe mahali kwamba ni la mkopo tu. Maswali ya namna hii yaulizwe kwenye kikao, yasijibiwe na mtu mmoja anayepanga faili usiku.

Usiende hadi kwenye vifupisho vya kubuni. JMMJ kwa "Jumla ya Michango ya Mfuko wa Jamii" inaingia vizuri kwenye safu, lakini mjumbe mpya haimwambii kitu. Vifupisho vinavyokubalika ni vile ambavyo kila mtu anavitamka tayari: TSh, Na., Kg.

Kipimo kinachojirudia kwenye kila safu ya fedha kipandishe juu mara moja. Andika "Fedha zote ni shilingi za Tanzania" kwenye mstari wa juu kabisa, kisha acha mstari mmoja mtupu kabla ya vichwa. Ule mstari mtupu una kazi yake: bila huo, Excel ikipanga au kuchuja inaweza kudhani maelezo yako ni sehemu ya jedwali.

Maelezo marefu hayapotei, yanahamia mahali pake. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ujumbe unaotokea mtu akisimama kwenye seli ya kujazia. Chagua seli za safu ya Marejesho chini ya kichwa, nenda Data, kisha Data Validation, fungua "Input Message", andika: "Marejesho. Fedha aliyolipa mwanachama kupunguza mkopo. Usiweke riba wala faini hapa." Jina la ujumbe lina ukomo wa herufi 32, na ujumbe wenyewe herufi 255. Kila mwekahazina anapofika kwenye safu hiyo, maelezo yako mbele ya macho yake wakati huohuo anaoandika. Google Sheets ina kitu kama hicho ndani ya kanuni za data validation, kwenye "Advanced options", kinachoonyesha maelezo seli ikichaguliwa. Pamoja na hayo, weka karatasi ya pili ndani ya faili, iite "Maelezo", iwe na safu mbili: kichwa kifupi na maana yake kamili.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kubadilisha jina lolote. Fomula zinazotumia anwani kama F2 hazijali kichwa kinasema nini, na fomula za jedwali rasmi la Excel (lile la Ctrl+T) hujirekebisha zenyewe. Vitu vinavyotafuta safu kwa jina lake ndivyo vinavyovunjika: barua za Word zinazovuta majina kutoka Excel, Power Query (zana ya Excel ya kuvuta na kusafisha data), fomula za MATCH au XLOOKUP zinazosoma mstari wa vichwa, na jedwali egemeo (PivotTable), ambalo likionyeshwa upya huiangusha safu iliyobadilishwa jina. Kama faili linalisha kazi nyingine, tengeneza nakala, badilisha humo kwanza, ujue kinachovunjika.

Upana ufuate data, kimo kifuate kichwa

Sasa ndipo tunagusa safu. Kanuni ni kwamba upana wa safu unaamuliwa na kilichomo ndani yake, na kichwa kinajikunja kwenda chini. Fedha kama 1,250,000 ni herufi tisa pamoja na koma, kwa hiyo safu ya upana wa 11 au 12 inatosha na inabaki na hewa kidogo. Hakuna sababu ya kuipa 28 kwa ajili ya kichwa tu, halafu nusu ya jedwali itoroke nje ya skrini.

1. Kama kuna seli zilizounganishwa kwenye mstari wa vichwa, zitenganishe kwa kubofya tena "Merge & Center". Excel haipimi kimo cha seli zilizounganishwa, na hatua zifuatazo zitakwama.

2. Chagua data peke yake, bila vichwa. Bonyeza Alt, kisha H, O, I, moja baada ya nyingine. Amri hii hupima seli ulizochagua tu. Kubofya mara mbili kwenye mpaka wa safu ni njia maarufu zaidi, lakini hupima safu nzima, pamoja na lile jina refu la kikundi lililokaa kwenye A1. Ndiyo maana safu A huvimba ghafla hadi inajaza skrini.

3. Chagua mstari wa vichwa, bonyeza Alt, H, W. Hiyo ni "Wrap Text", na maneno yanajikunja ndani ya upana uliopo.

4. Mstari ukiwa bado chini hivi kwamba unaona nusu ya maneno, bonyeza Alt, H, O, A. Mtu akishaweka kimo cha mstari kwa mkono, Excel haikigusi tena yenyewe, hata maneno yajikunje mara ngapi. Amri hii ndiyo inayokifungua. Ukomo wa kimo ni pointi 409, ambao kichwa cha busara hakiufikii.

5. Sasa soma kila kichwa kwa macho. Tafuta neno lililovunjwa katikati. "Wrap Text" hukunja kwenye nafasi, lakini neno moja likizidi upana wa safu, Excel huligawa popote lilipofika: "Alichorej" juu, "esha" chini. Herufi 13 za "Alichorejesha" haziwezi kukaa kwenye safu ya upana wa 10. "Marejesho" ni herufi tisa na inakaa. Penye neno lililogawanyika, ama tafuta neno fupi zaidi, ama panua safu hiyo peke yake kwa Alt, H, O, W na uandike namba.

Vichwa vinavyotoka kwenye mifumo mingine vina shida yake: namba_ya_kumbukumbu_ya_muamala. Zile alama za chini hazihesabiwi kuwa nafasi, kwa hiyo programu inaona neno moja refu. Chagua mstari wa vichwa, bonyeza Ctrl+H, badilisha alama ya chini kuwa nafasi, kisha kunja.

Ukitaka kuamua mwenyewe maneno yakunjike wapi, weka kishale ndani ya seli na ubonyeze Alt+Enter. Kwenye Mac ni Control+Option+Return. "Mwisho" juu, "kulipa" chini, inapendeza. Itumie kwenye faili la kusomwa na watu tu, kwa sababu ule mkato wa mstari ni herufi iliyofichika: mtu akitafuta "Mwisho kulipa" yenye nafasi kwa fomula, haitapatikana, na Power Query itaionyesha ikiwa na alama #(lf) katikati.

Kuna pia "Shrink to Fit" ndani ya Ctrl+1, kwenye "Alignment". Siipendekezi kwa vichwa. Inapunguza herufi mpaka zitoshe, na kila kichwa kinatoka na ukubwa wake. Kile kirefu, ambacho ndicho kilihitaji msaada, kinakuwa kidogo kuliko vyote.

Kwenye Google Sheets, mstari wa vichwa unaukunja kwa Format, Wrapping, Wrap. Chaguo la "Clip" pale ndilo linalokata, kwa hiyo ukikuta vichwa vya faili la mtu havimwagiki hata pembeni pakiwa tupu, angalia hapo kwanza. Upana unawekwa kwa kubofya kulia kwenye herufi ya safu na kuchagua "Resize column". Calc ina "Wrap text automatically" ndani ya Format, Cells, Alignment, na mkato wa mstari ni Ctrl+Enter.

Kishale cha kichujio

Umeshakunja, vichwa vinasomeka, kisha mtu anawasha kichujio (Filter) na herufi za mwisho zinafunikwa na kitufe chenye kishale. Kitufe hicho hukaa pembe ya chini kulia ya seli. Kwa hiyo pandisha maneno juu kwa "Top Align", ongeza kimo cha mstari kidogo, kitufe kibaki na nafasi yake chini.

Safu za fedha zina mtego zaidi, kwa kuwa ni vizuri kichwa kikae kulia juu ya tarakimu zake, na kulia ndiko kitufe kiliko. Bonyeza Ctrl+1, "Alignment", chagua "Right (Indent)" na uweke 2 kwenye "Indent". Kichwa kinasogea kidogo kutoka ukingoni na kitufe hakikigusi.

Ukilifanya jedwali liwe rasmi kwa Ctrl+T, unapata faida kubwa: ukishuka chini, vichwa vyako vinachukua nafasi ya herufi A, B, C zilizo juu. Lakini pale vinaonyeshwa kwa mstari mmoja tu bila kukunjwa, hivyo vinakatika tena. Hapa kazi ya mwanzo inalipa, kwa maana "Deni" na "Marejesho" vinatosha hata huko. Kumbuka jedwali rasmi halikubali vichwa viwili vinavyofanana. Ukiandika "Mkopo" mara mbili, cha pili kitaongezewa namba kiwe "Mkopo2".

Vichwa vya kusimama wima

Mwalimu mwenye karatasi ya alama, au mtu wa mahudhurio mwenye siku 31, ana hali ya pekee: data ni herufi mbili tatu, kichwa ni neno refu. Safu ya upana wa 4 inabeba "87" vizuri, lakini "Jiografia" haiingii humo. Hapo geuza maneno yasimame: Home, Orientation, "Rotate Text Up". Google Sheets ni Format, Rotation.

Nyuzi 90 kwenda juu ndizo ninazozipendekeza. Nyuzi 45 zinasomeka kwa urahisi kidogo, ila mipaka ya seli na rangi zake nazo zinalala, na mtu anaanza kujiuliza "Historia" iko juu ya safu ipi. Chaguo la "Vertical Text", linalopanga herufi moja chini ya nyingine, liache kabisa. Jicho limezoea kusoma herufi zikiwa zimepangana kwenye mstari, na hapo mpangilio huo umevunjwa. Kwa safu za fedha au majina sigeuzi hata siku moja, kwa sababu nafasi ya kukunja ipo.

Vichwa vya ngazi mbili

Mkopo, Marejesho na Deni zinaweza kukaa chini ya kichwa kimoja cha juu, MIKOPO. Inasaidia jicho, hasa jedwali likiwa pana. Badala ya kuunganisha seli, andika neno kwenye seli ya kwanza, chagua seli zote tatu, Ctrl+1, "Alignment", "Center Across Selection". Linaonekana kama limeunganishwa lakini kila seli imebaki huru. Kichujio kiwekwe kwenye mstari wa chini wa vichwa. Kama unategemea jedwali egemeo, baki na mstari mmoja wa vichwa tu. Jedwali egemeo linataka kila safu iwe na jina lake katika mstari mmoja.

Kugandisha, na skrini ya simu

Kichwa kinachosomeka lakini kimepotelea juu hakimsaidii anayeingiza jina la mwanachama wa arobaini. Simama kwenye seli iliyo chini ya vichwa na kulia kwa safu ya jina, kisha bonyeza Alt, W, F, F, yaani "Freeze Panes". Mistari yote ya juu na safu zote za kushoto zinabaki palepale. Google Sheets na Calc zote zinaweka jambo hili kwenye menyu ya View.

Wajumbe wengi watafungua faili hilo kwenye simu, na huko kugandisha kupita kiasi ni adha. Safu ya jina ikiwa pana na nyingine mbili zimegandishwa pamoja nayo, skrini nzima imeshajaa na hakuna kinachosogea. Gandisha safu moja tu, ipunguze upana, na mstari wa vichwa usizidi mistari mitatu ya maneno. Lifungue faili kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kulisambaza.

Faili likifungwa kwa nenosiri, wape watumiaji ruhusa ya kupanua safu wenyewe. Kwenye dirisha la "Protect Sheet" weka tiki kwenye "Format columns" na "Format rows". Hazigusi data, na zinamwezesha mwenye macho dhaifu kupanga anavyoona vizuri.

Majibu ya fomu yanapokuwa vichwa

Google Forms ikiunganishwa na Sheets, swali zima linageuka kichwa cha safu: "Tafadhali andika jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho". Hapa usihangaike na karatasi yenyewe ya majibu. Ipe jina "Majibu", fungua karatasi mpya kandokando yake, na kwenye A1 andika:

=QUERY(Majibu!A:D, "select B, C, D label B 'Jina', C 'Simu', D 'Hisa'", 1)

Majibu yote yanakuja yakiwa na vichwa vifupi, na yanaendelea kuingia kila fomu inapojazwa. Kama mipangilio ya nchi ya faili lako inatumia koma kwa desimali, tenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato. Na chunga safu zenye mchanganyiko: QUERY huchukua aina ya data iliyo nyingi ndani ya safu na kuacha nyingine zikiwa tupu. Namba za simu zikiwa nyingine ni maandishi na nyingine ni namba, baadhi zitatoweka. Ifanye safu nzima ya simu kuwa "Plain text" kwenye karatasi ya majibu.

Wanaokusanya data kwa KoboToolbox wana njia ya mapema zaidi. Kila swali la XLSForm (fomu inayoandikwa kwenye lahajedwali) lina "name" na "label". Andika "name" kwa neno fupi linaloeleweka tangu siku ya kutengeneza fomu, na wakati wa kupakua chagua "XML values and headers". Vichwa vinashuka vikiwa vifupi.

Faili la CSV, la kutoka popote, halihifadhi upana, mkunjo wala kugandisha. Ukishalipanga lihifadhi kama XLSX au ODS, la sivyo utalipanga tena kesho.

Kwenye karatasi

Ukurasa wa pili usio na vichwa haufai kitu mkononi mwa mjumbe. Excel: Page Layout, "Print Titles", na kwenye "Rows to repeat at top" chagua mstari wako wa vichwa. Google Sheets: kwenye dirisha la kuchapisha, fungua "Headers & footers" na uchague kurudia mistari iliyogandishwa. Calc: Format, Print Ranges, Edit, "Rows to Repeat".

Kisha laza karatasi ya A4, weka Width iwe ukurasa 1 na Height ibaki "Automatic". Angalia asilimia ambayo Excel imepunguza. Ikishuka karibu nusu, herufi za pointi 11 zimekuwa kama pointi 5 au 6, na wazee wa kikundi hawatazisoma. Ficha safu ambazo kikao hakizihitaji, kama Simu na Alijiunga, kabla ya kuchapisha.

Kwa wanaotengeneza mifumo yenye majedwali

Kama wewe ndiye unayeandika programu, watumiaji wako hawana "Wrap Text". Kilichokata vichwa mara nyingi ni mistari miwili ya CSS: `white-space: nowrap` na `text-overflow: ellipsis`. Kwenye vichwa weka `white-space: normal`, ongeza `overflow-wrap: break-word` kwa maneno marefu, na `position: sticky; top: 0` ili vibaki juu. Ukurasa uwe na `lang="sw"`, ili kivinjari na programu za kusomea wasioona zijue lugha. Ukitumia AG Grid, `wrapHeaderText: true` na `autoHeaderHeight: true` zinafanya kazi hiyo, na `headerTooltip` inabeba jina kamili.

Usitegemee maelezo yanayotokea kipanya kikipita juu yake kuwa suluhisho peke yake. Simu haina kipanya. Anayetumia kibodi hafiki pale. Na mtu anayelinganisha safu sita hawezi kupita juu ya kila moja huku akikumbuka tano zilizopita.

Hifadhi majina mawili kwa kila safu, fupi na kamili, kwenye hifadhidata yenyewe. DHIS2, inayotumika kwa takwimu za afya Tanzania na Kenya, imefanya hivyo: kila kipengele cha data kina jina na pia jina fupi lisilozidi herufi 50. Tafsiri zote mbili kwa Kiswahili, na usipime upana kwa maneno ya Kiingereza. Mruhusu mtumiaji kuvuta mpaka wa safu, kisha ukumbuke upana alioweka, ili asiupoteze akifungua tena.

Mwisho, kuza ukurasa hadi asilimia 200 na usome vichwa vyote. Miongozo ya WCAG, ile ya kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, kipengele 1.4.4, inataka maandishi yaweze kukuzwa kiasi hicho bila kitu kupotea, na kipengele 1.4.12 kinataka hivyohivyo pale mtu anapoongeza nafasi kati ya mistari na herufi. Kisanduku cha kichwa chenye kimo kisichobadilika ndicho kinachoanguka kwenye majaribio hayo yote mawili. Badilisha `height` iwe `min-height` kwenye kisanduku hicho na ujaribu tena.